Binti Aliyepata Mimba: Aibu Isitangulie Uhai

Baada ya Swala ya Isha, baba mmoja alibaki msikitini mpaka watu wote wakatoka. Alitaka ushauri juu ya ndoa ya haraka. Binti yake wa miaka 16 alikuwa na mimba ya miezi saba. Nilipomuuliza habari ya kadi ya kliniki, aliinamisha kichwa. Binti alikuwa amefichwa ndani muda wote huo, majirani wasimwone.

Ndugu zangu Waislamu, zinaa ni haramu, wala hatuna ruhusa ya kuipamba. Hata hivyo, Imamu Muslim amepokea kwamba mwanamke wa Juhayna alipomjia Mtume (s.a.w.) akikiri zinaa, naye ni mjamzito, Mtume alimwita walii wake akamwamuru amtendee wema mpaka ajifungue. Basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kumnyima matibabu binti ambaye pengine amedhulumiwa?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kina mama wa umri huo wamo katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya uzazi kuliko wenye miaka 20 hadi 24, na watoto wao zaidi huzaliwa njiti au wenye uzito pungufu. Hatari hizo hazitazami cheti cha ndoa. Binti aliyeozwa mapema naye yumo.

Shirika hilo linashauri mahudhurio ya kliniki yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kutimia. Aliyechelewa aende leo. Akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso au akitokwa na damu, asingojee asubuhi. Ajifungulie kituoni, mtoto anyonye dang'a ndani ya saa ya kwanza, na apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Mtoto njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Na tangu Novemba 2021, mzazi huyo anaruhusiwa kurudi shuleni.

Siku ya pili binti yule alipelekwa kliniki na mama yake. Shinikizo la damu lilikutwa liko juu, akalazwa siku hiyo hiyo. Habari ya ndoa ya haraka hatukuizungumza tena.

Allah atujaalie tuwe sitara ya mabinti zetu, si kaburi lao. Amin.