Je, Wajua? Sarafu ya Fedha Haisuguliwi!

Je, wajua kuwa sarafu ya fedha haishiki kutu? Ule weusi unaouona si uchafu wa mikono wala masizi: ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa ya hewani. Ukiung'oa, umeng'oa na fedha!

Je, wajua adui wa fedha ananuka yai viza? Ni gesi ya hidrojeni salfaidi, ile ile inayokukimbiza jikoni yai likipasuka. Kitambaa cha sufu na raba za kufungia noti pia hutoa salfa. Kama sarafu zako zimo humo, zitoe leo.

Je, wajua weusi huanza kwa rangi ya dhahabu? Kisha huja zambarau, ikafuata buluu, na mwisho ndiyo nyeusi. Utando wa rangi hizo ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara 500, na bado unauona kwa macho yako mawili!

Tulia, kuna wanaolipa ziada kwa rangi hizo. Dola za Morgan za Marekani, zilizoanza kupigwa 1878, zililala benki kwenye mifuko ya turubai, sarafu 1,000 kwa mfuko, karibu kilo 27. Zilizogusana na kitambaa zikavaa upinde wa mvua, na leo mnadani nzuri zake huzipita bei zile nyeupe pee.

Na zina bahati kuwepo! Sheria ya Pittman ya 1918 ilipeleka dola za fedha 270,232,722 kwenye tanuri. Ndiyo, milioni 270!

Hebu sogea. Chukua sarafu ya fedha ambayo haijatumika, ishike ukingoni, iinamishe chini ya taa: mwanga unazunguka kama spoku za baiskeli. Unatoka kwenye mistari midogo mno iliyobaki fedha ilipotiririka chini ya mhuri. Dawa ya kung'arishia huilamba mistari hiyo, na mzunguko ule haurudi tena.

Je, wajua fedha tupu ina ugumu wa 2.5 kwenye kipimo cha Mohs, sawa na ukucha wako? Sasa fikiria dawa ya meno, majivu au mchanga wa kusugulia sufuria! Mnunuzi anashika kioo cha kukuzia, anaona mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja, na bei inaporomoka mbele yako.

Je, wajua karatasi ya aluminiamu inaweza kuinyang'anya fedha salfa yake? Maji ya moto, magadi ya kuokea, dakika chache tu, weusi umekwisha. Kijiko cha bibi kitapendeza. Sarafu ya mkusanyaji itabaki nyeupe iliyopooza, na mzoefu ataijua papo hapo.

Je, wajua sarafu hupewa alama kama mtihani? Kipimo kinaanzia 1 hadi 70. Kampuni ya PCGS ya Marekani, inayopima tangu 1986, ikigundua sarafu imesuguliwa hovyo huinyima namba na kuandika kasoro yake kwenye kibandiko. Umeng'arisha, umefeli!

Hii ni ya kwetu pwani. Riale ya Maria Theresa, yenye karibu gramu 28 na fedha 833 kwa kila 1,000, imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo Vienna, Roma, London na hata Bombay! Weusi wake peke yake hauthibitishi umri, na kuusugua hakuongezi hata senti.

Unayo rupia ya Wajerumani ya 1890, yenye simba na mnazi? Ina gramu 11.66, na fedha ni karibu 92%. Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki ya 1921 ina 25% tu! Zote mbili zinaitwa za fedha. Zote mbili usizisugue.

Je, wajua kijani kinachonata si weusi wa fedha? Kwa kawaida hicho hutoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC, na huendelea kuila sarafu. Asetoni safi hukiondoa bila kuigusa fedha: ichovye tu, usisugue, na kaa mbali kabisa na moto.

Ya mwisho, ukae nayo: sarafu nyeusi inaweza kusafishwa kesho na mtaalamu, lakini iliyosuguliwa hairudishwi hata na kiwanda kilichoipiga. Basi ishike ukingoni, ipige picha ilivyo, na uiuze na weusi wake!