Neno "Clove" na Maana Zake



Mali yetu Waingereza huiita "clove". Ni neno fupi, na wengi wetu tumekwisha kulizoea kwa kuliona katika magunia na karatasi za biashara. Lakini mtu akilifungua katika kamusi kubwa ya Kiingereza atastaajabu kulikuta limeandikwa zaidi ya mara moja, na kila mara lina maana nyingine. Wanachama kadhaa wametuuliza habari zake, nasi twaona yafaa kuzieleza, kwa kuwa ndani yake mna jambo lihusulo daraja ya karafuu zetu.

Clove yetu asili yake ni msumari. Warumi waliuita msumari "clavus". Wafaransa wakaufanya "clou", na karafuu wakaiita "clou de girofle", yaani msumari wa karafuu. Itie karafuu kavu kiganjani uitazame: mguu mwembamba, na juu kichwa. Wala si Wafaransa peke yao. Waholanzi huiita "kruidnagel", msumari wa kiungo. Waajemi "mikhak", kijisumari. Na Wachina "dingxiang", ambapo "ding" ni msumari na "xiang" ni harufu nzuri.

Neno letu halina msumari. Karafuu limetoka katika Kiarabu, qaranful, na ni jina la kale: Imru' al-Qays, mshairi wa kabla ya Uislamu, alilitaja katika kasida yake mashuhuri. Ile "girofle" ya Wafaransa nayo ni ya ukoo huo huo, ila imepitia kwa Wayunani na Warumi. Waingereza walipoliazima jina la Kifaransa walilikata vipande viwili. Msumari wakaipa karafuu. Girofle wakalipa ua la bustani linukialo kama karafuu, wakaliita "gillyflower". Basi jina hasa la karafuu limekwenda kwa ua, na karafuu yenyewe imebaki na msumari! Kwa maoni yetu ua halikustahili.

Clove ya pili imo jikoni. Kitabu cha mapishi cha Kiingereza kikitaka clove mbili za "garlic", chataka punje mbili za kitunguu thomu. Neno hili si ndugu wa lile la kwanza, ijapokuwa hutamkwa sawasawa. Limetoka katika kitenzi "cleave", kupasua, kwa sababu kitunguu thomu hupasuka punje punje. Kwato za mbuzi zilizopasuka huitwa kwa kitenzi hicho hicho, na mabaharia wana fundo la kufungia kamba mtini liitwalo "clove hitch", nalo ni la ukoo huo. Tumesikia habari ya bibi arusi mmoja aliyesoma clove sita katika kitabu asimalizie mstari, akatia karafuu sita katika mchuzi wa watu wawili. Mume alikula, hakusema neno.

Zamani huko Uingereza clove ilikuwa uzani pia, ratili 7 au 8, wakipimia sufu na jibini. Clove tano za ratili 7 ni ratili 35, ndiyo frasila yetu barabara. Lakini hii ni sadfa tu. Na katika jimbo la New York, Marekani, penye milima ya Catskill, clove ni bonde jembamba lenye kuta za mawe, neno waliloliacha Waholanzi.

Sasa turudi kwenye msumari, maana hapo ndipo penye fedha. Msumari usio na kichwa haushiki ubao, na karafuu isiyo na kichwa haishiki bei. Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, katika waraka wake nambari 2254, limezitaja karafuu zisizo na kichwa kuwa ni ila. Pamoja nazo limezitaja zile zilizovunda kwa kutokauka vyema, na zile mpeta zetu, karafuu zilizoachwa mtini hata zikawa matunda, ambazo Waingereza huziita mama wa karafuu. Kichwa ni ua lisilofunguka bado. Mchumaji akichelewa, ua hufunguka na kichwa huanguka; akichuma kwa wakati, lakini karafuu zikakanyagwa juu ya jamvi, huvunjika. Hasara ni ile ile, na karani wa daraja haulizi sababu.

Katika mafuta neno hili hupotosha zaidi. Chupa iliyoandikwa "clove oil" yaweza kuwa na mafuta ya karafuu zenyewe, au ya makonyo, au ya majani. Ni mafuta ya namna tatu, na ISO imeyapa nyaraka tatu mbalimbali: 3141 kwa majani, 3142 kwa karafuu, na 3143 kwa makonyo. Yote matatu yana "eugenol" kwa wingi, ndiyo dawa ile itulizayo jino, lakini ya karafuu yana harufu laini zaidi nayo ndiyo ghali. Kwa hiyo mtu akitaja bei ya "clove oil", aulizwe kwanza: "bud", "stem" au "leaf"? La kwanza ni karafuu, la pili makonyo, la tatu majani. Mwenye karatasi ya Kiingereza isiyotaja mojawapo na ailete ofisini tuisome pamoja, kabla hajatia sahihi.