Ekari 12, Watoto Sita: Piga Hesabu

Mkulima mwenzangu, sensa ya 2012 ilikuta watu kama milioni 2.3 mkoani Tabora. Ya 2022 ikakuta milioni 3.4. Ardhi ni ileile.

Juzi Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara, mzee mmoja akaniambia: "Bwana shamba, watoto ndo nguvu kazi ya tumbaku." Nikamuuliza, ekari zako 12 ukiwagawia sita? Mbili mbili. Na wao wakizaa sita sita? Theluthi ya ekari kila mjukuu. Akanyamaza.

Mahindi tunayapa nafasi, mama je? Apumzike angalau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Uzazi wa mpango ni bure kwenye vituo vya serikali. Nendeni wote wawili.