Vyama Viwili

Mmekwisha kuona mpira kati ya Mazembe na Lupopo hapa Lubumbashi. Timu ni mbili, sheria ni moja, na mwamuzi hana upande. Wanaoshindwa hujitayarisha kwa mchezo ujao. Nchi nyingine hutawaliwa karibu namna hiyo: vyama viwili vikubwa hushindana kwa kura.

Raia huchagua wabunge. Chama chenye wabunge zaidi ya nusu huunda serikali. Kile kingine hakifukuzwi. Hukaa bungeni, huuliza fedha za kodi zimekwenda wapi, na huonyesha njia nyingine. Kazi hiyo huitwa upinzani. Baada ya miaka michache raia hupiga kura tena, na pengine aliyekuwa chini huwa juu. Katika Uingereza, tangu 1945, kila waziri mkuu ametoka katika chama cha Conservative au cha Labour, ingawa vyama vingine vipo. Katika Marekani, kwa zaidi ya miaka 150, kila rais ametoka katika chama cha Democratic au cha Republican.

Katanga nayo iliwahi kuwa na kambi mbili. Mwezi wa Mei 1960, mji wetu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, watu walichagua wajumbe 60 wa baraza la jimbo. Conakat, chama cha Moïse Tshombe, kilipata 25. Balubakat, chama cha Jason Sendwe, pamoja na wenzake walipata 23. Viti 12 vilikwenda kwa wengine. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wajumbe, yaani 40, wawepo ndipo serikali ichaguliwe. Balubakat wakakataa kuingia. Basi mwezi wa Juni bunge la Ubelgiji likabadilisha sheria, na Tshombe akaunda serikali.

Hivyo sheria ya mchezo iligeuzwa katikati ya mchezo. Tena watu wengi walikuwa wamefuata kabila katika kura. Mtu aweza kubadili shauri lake, lakini kabila lake hawezi. Kwa hiyo aliyeshindwa huona kwamba atashindwa daima. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Vita vikazuka kaskazini. Watu wengi wakafa, wengine wakakimbia makwao. Kujitenga huko kulikwisha Januari 1963.

Baadaye Mobutu aliweka chama kimoja tu, MPR, mpaka 1990. Chama kikiwa peke yake, nani atakiuliza? Ndiyo maana Katiba ya 2006, katika kifungu cha 7, yakataza chama kimoja. Leo Kongo ina vyama vingi sana, si viwili.

Basi, kuhesabu vyama hakutoshi. Yafaa sheria iwe moja kwa wote, na aliyeshindwa ajue kwamba siku yake yaweza kuja.

Maswali
1. Upinzani hufanya kazi gani bungeni?
2. Kwa nini wajumbe 40 walihitajika mwaka 1960?
3. Kuna hatari gani watu wakipiga kura kwa kufuata kabila?