Damu Isiyo na Diya

Katika Ayalandi ya karne ya saba, kisiwa ambacho falme zake ndogo zilipindukia mia moja, kiti hakikurithiwa na mwana wa kwanza kwa haki ya kuzaliwa. Kila mwanamume wa nasaba ya kifalme mwenye mali na wafuasi aliweza kukidai, na kwa ajili hiyo mfalme alimchunga ami yake, na nduguye, na mtoto wa nduguye, kuliko alivyomchunga jirani wa mpakani.

Mwaka 600 Áed Sláine, mwana wa mfalme Diarmait mac Cerbaill, alimuua Suibne, mtoto wa nduguye, huko Brí Dam, kando ya kijito. Adomnán, abati wa kisiwa cha Iona, aliandika kwamba Mtakatifu Columba alikuwa amekwisha kumwonya Áed asije akamwaga damu ya jamaa yake, ufalme ukamponyoka. Naye baada ya khiyana ile hakutawala ila miaka 4 na miezi 3. Mwaka 604 Conall, mwana wa Suibne, alimuua kando ya ziwa Semdige.

Sheria ya Waairishi haikuwa dhaifu. Kila mtu huru alikuwa na kima cha heshima yake, kikihesabiwa kwa ng'ombe, na muuaji aliweza kuinusuru roho yake kwa ukoo wake kuulipa ukoo wa maiti diya. Lakini muuaji na maiti wakiwa wa ukoo mmoja, nani amlipe nani, na zizi ni lile lile? Tendo hilo waliliita fingal, wakalichukia kuliko mauaji mengine yote.

Miaka 30 ikapita, na hasira haikupoa. Mwaka 634 Conall aliwaua wana wawili wa Áed: Congal, na Ailill aliyepewa lakabu ya Mpiga Kinubi. Lakabu hiyo hunihuzunisha kila niisomapo, maana katika msururu wote huu wa majina na mauaji ndiyo pekee inayotuonyesha mkono uliojua kazi nyingine. Mwaka uliofuata Diarmait, ndugu yao, alimuua Conall ndani ya nyumba ya mwana wa Nad Fraích; na Diarmait mwenyewe, pamoja na nduguye Blathmac, walichukuliwa na tauni mwaka 665.

Koo mbili zilizotokana na wana wa baba mmoja ziliendelea kuwania ufalme wa Tara, hata mwaka 743 Domnall, kilembwe wa Conall, alipokikalia kiti cha ufalme huo.