Perege wa Nyumba ya Mungu na Taabu ya Amonia
Perege avuliwaye katika bwawa la Nyumba ya Mungu, pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yakutanapo kabla ya kushuka Pangani, akiisha kuliwa kwa ugali katika nyumba za Same, protini yake huvunjwavunjwa tumboni na utumboni ikawa amino asidi, ambazo mwili hujengea misuli. Lakini zilizozidi haziwekwi akiba kama mafuta, bali huvuliwa naitrojeni yake, nayo hugeuka amonia, sumu kali kwa ubongo. Ndipo ini, kwa vimeng'enya vyake, huigeuza kuwa urea itokayo kwa mkojo. Na kimeng'enya kinachoshika mlango wa kazi hiyo, kabamoili fosfeti sinthetezi, hakiamki sawasawa mpaka kipate ishara kwamba amino asidi zimekuwa nyingi, tadbiri ambayo hunistaajabisha kila niifikiripo.

Perege mwenyewe hana haja ya taabu hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia yake humtoka kwa mashavu ikapotea majini. Ila jamaa yake wa Ziwa Magadi, nchini Kenya, aishiye katika maji makali ya magadi ambamo amonia haitoki kwa wepesi, hutengeneza urea kama sisi wanadamu, jambo ambalo wataalamu walilitangaza mwaka 1989.