Malezi ya Mahina, faida ya nani?

Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita Igoma, inashika Kisesa na Magu, kisha inaingia Bunda. Kwenye njia hiyo moja zipo klabu mbili zilizocheza Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2024/25: Alliance Girls, timu ya shule za Alliance zilizoko Mahina, jirani kabisa na Igoma, na Bunda Queens ya mkoani Mara. Tangu ligi hiyo ianze msimu wa 2016/17 hadi msimu wa 2024/25, kombe lilibebwa na Mlandizi Queens, JKT Queens na Simba Queens, na halikuwahi kuvuka kuja Kanda ya Ziwa. Mashabiki wanalalamikia jambo hilo, nami naona wanalalamikia jambo dogo. Kwa klabu ya Mwanza, kombe ni fahari, lakini chakula chake hakitoki huko. Bidhaa yake ni mchezaji aliyemlea mwenyewe, na hasara kubwa inayoipata ni kwamba mchezaji huyo huondoka bila klabu kubakiwa na chochote kilichoandikwa.

Tuanze na matumizi, maana ndiyo yanayoamua nani aingie sokoni na silaha gani. JKT Queens ina jeshi nyuma yake. Simba Queens na Yanga Princess zinabebwa na majina ya klabu za wanaume, na mdhamini anayeweka nembo yake kwenye jezi zao ananunua jina hilo. Timu ya mikoani haina mgongo wa namna hiyo. Viingilio vya mechi za wanawake ni vidogo, na safari moja tu ya Mwanza hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100: nauli, chakula na malazi ya msafara mzima, halafu mchezo wa dakika 90, halafu kurudi. Timu inayotaka kushindana na Dar es Salaam kwa mishahara na posho itaishia kwenye madeni. Lakini Alliance Girls ina kitu ambacho timu nyingi za mjini hazina, nacho ni shule. Bweni, jiko, uwanja na darasa vipo kwa ajili ya wanafunzi wote, na mchezaji wa miaka 14 analelewa humo kwa gharama ambayo klabu isiyo na shule isingeimudu. Hapo ndipo Mahina ina nguvu, na nguvu hiyo ni ya kulea.

Ushahidi upo. Aisha Masaka alipita Alliance Girls kabla ya kwenda Yanga Princess, akauzwa BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akahamia Brighton ya Uingereza. Hayuko peke yake katika kizazi hiki. Julietha Singano alitoka Simba Queens kwenda Juárez ya Mexico, na Clara Luvanga alitoka Yanga Princess akapitia Hispania hadi Al Nassr ya Saudi Arabia. Mwaka 2022 timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia kule India. Soko lenyewe nalo linakua kwa kasi. Kwa takwimu za FIFA, uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kike uligharimu dola milioni 6.1 mwaka 2023. Mwaka uliofuata ukafika dola milioni 15.6, kukiwa na uhamisho 2,284. Februari 2024 Mzambia Racheal Kundananji alihama kutoka Madrid CFF kwenda Bay FC ya Marekani kwa zaidi ya dola 700,000, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Fedha imeanza kuingia, na Waafrika wamo miongoni mwa wanaoifuata.

Sasa swali la uhasibu: fedha hiyo inafikaje kwa aliyelea? Katika soka la wanaume ipo fidia ya malezi, ambayo klabu mpya huzilipa klabu zilizomkuza kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Kanuni za usajili za FIFA zinasema wazi kwamba fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Kilichobaki ni mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho inayogawanywa kwa klabu alizochezea tangu miaka 12 hadi 23. Tupige hesabu. Binti aliyesajiliwa klabuni tangu miaka 14 hadi 17 akiuzwa baadaye nje kwa dola 100,000, klabu iliyomlea inapata asilimia 1.5, yaani dola 1,500, karibu shilingi milioni 4. Hiyo ni iwapo kuna ada, maana wachezaji wengi wa kike huhama wakiwa huru baada ya mkataba kwisha, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Kama jina lake halikuingizwa kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho miaka ile, hata hiyo milioni 4 haidaiki.

Dawa iko kwenye mkataba wa hapa nyumbani. Klabu ya Mwanza inapompeleka mchezaji Dar es Salaam, iache kung'ang'ania ada kubwa ya papo kwa papo ambayo mnunuzi hana, iombe kipengele cha mauzo ya baadaye: asilimia 20 ya ada yoyote atakayouzwa kwayo nje. Kwa dola 100,000 zile zile, hiyo ni dola 20,000, zaidi ya mara kumi ya mchango wa mshikamano. Watu wa Mwanza wanalielewa hili kuliko wachumi. Zamani bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, halikuwa na thamani mwaloni. Leo kilo ya bondo kavu inaishinda mbali kilo ya minofu, na mvuvi anayemuuza samaki mzima bila kulitaja bondo anajua amempa mwenzake nini.

Kuna wanaosema klabu isiyo na makombe haionekani, na isiyoonekana haina cha kuuza. Uholanzi inawajibu. Ligi ya wanawake ya nchi hiyo ilianzishwa mwaka 2007, na klabu ya AZ ikaitawala: ubingwa mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010. Mwaka 2011 timu hiyo ya wanawake ikafungwa kwa sababu ya fedha. Makombe matatu hayakuiokoa. Heerenveen, ambayo haikuwa bingwa, ndiko alikokulia Vivianne Miedema, aliyekwenda Bayern München mwaka 2014 na kuisaidia Uholanzi kutwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2017. Alionekana bila kombe.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi na walimu: kwamba hesabu hizi zinamgeuza binti kuwa mzigo wa sokoni. Nalichukua kwa uzito wake. Ndiyo maana nasisitiza shule kwanza. FIFA inakataza, isipokuwa kwa sababu chache, uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo miaka ya kidato cha kwanza hadi cha nne ni ya darasani kwa kanuni na kwa maslahi. Wengi wao hawatafika Ulaya. Cheti ndicho kitakachowalisha, na klabu inayomtoa binti darasani ili akacheze imemwibia. Tena kipengele cha mauzo hakigusi mshahara wake hata senti, kwa sababu kinakatwa kwenye ada inayopokelewa na klabu inayouza.

Linabaki suala la nguvu. Klabu kubwa zinaweza kukataa kipengele hicho na kumsubiri mchezaji amalize mkataba. Klabu moja ikisimama peke yake itashindwa. Ninachoiomba TFF, shirikisho la soka nchini, ni kuweka kwenye kanuni za Ligi Kuu ya Wanawake kiwango cha chini cha fungu la mlezi kwa kila mchezaji anayeuzwa nje, na isipokee usajili usio na karatasi hiyo. Nanyi wazazi wa Igoma na Mahina, kabla binti hajasaini popote, ombeni nakala ya mkataba kwa Kiswahili, na mhakikishe jina lake na tarehe ya kuzaliwa vimeandikwa sawasawa kwenye usajili wake wa kwanza.